Karl Landsteiner: daktari aliyetuonyesha kwamba undugu si kundi la damu

Kila tarehe 14 Juni dunia huadhimisha Siku ya Wachangia Damu. Hapa Arusha, kama kwingine nchini, siku hiyo watu huhimizwa kujitokeza na kutoa damu. Wengi tunaijua siku yenyewe, ila si wengi wanaojua kwa nini ilichaguliwa tarehe hiyo. Ndiyo siku aliyozaliwa daktari mmoja wa Austria, Karl Landsteiner, mwaka 1868.

Tumeona tuandike maisha yake kwa sababu kazi yake inagusa jambo linalozipata familia nyingi kuanzia Ngaramtoni hadi King'ori. Mama anajifungua usiku na damu haikatiki. Anakimbizwa Hospitali ya Mount Meru, na ndugu wanaambiwa inahitajika damu. Kaka yake anakunja mkono wa shati akiwa na uhakika kwamba damu yake itafaa, maana ni dada yake wa tumbo moja. Anapimwa, halafu anaambiwa hawezi kumpa. Hapo maneno huanza. Wapo wanaodhani hospitali inatafuta rushwa. Wapo wanaoanza kunong'ona kuhusu nani alizaliwa na nani.

Jibu la maneno hayo limejulikana kwa zaidi ya miaka 100, na aliyelipata kwanza ni Landsteiner.

Alivyokulia

Landsteiner alizaliwa Baden, mji ulio karibu na Vienna, makao makuu ya Austria. Baba yake, Leopold, alikuwa mwandishi na mhariri wa magazeti aliyejulikana sana. Alifariki Karl akiwa bado mtoto mdogo wa miaka 6 hivi, na malezi yote yakabaki kwa mama, Fanny. Mama na mwana waliishi kwa ukaribu mkubwa, na Karl hakuoa hadi mama yake alipokwisha kufariki.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna na kumaliza mwaka 1891. Wenzake wengi walikwenda kutibu wagonjwa. Yeye alirudi darasani na kusoma kemia kwa miaka kadhaa zaidi, huko Ujerumani na Uswisi. Alitaka kujua mwili umetengenezwa na nini hasa, na kwa nini unapokea baadhi ya vitu na kukataa vingine.

Mwaka 1898 alipata kazi Vienna katika taasisi ya kuchunguza maiti. Alikaa hapo miaka 10 na kufanya uchunguzi wa maiti zaidi ya 3,600. Kazi ilikuwa nzito na haikuwa na sifa mitaani. Landsteiner alikuwa mtu mkimya, hakupenda mikutano wala kusifiwa, na muda wake wa ziada aliutumia maabara. Akiwa nyumbani alipiga piano.

Damu kabla ya Landsteiner

Madaktari walikuwa wamejaribu kuwaongezea watu damu muda mrefu kabla yake. Mwaka 1667 daktari wa Ufaransa, Jean-Baptiste Denis, alimwekea kijana mmoja damu ya mwanakondoo. Kijana akapona, lakini mgonjwa mwingine wa baadaye akafa, na tiba hiyo ikapigwa marufuku. Mwaka 1818 daktari wa London, James Blundell, alianza kuwaongezea wagonjwa damu ya binadamu. Kilichomsukuma ni kuona wanawake wakifa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, tatizo lilelile tunalolijua huku kwetu.

Baadhi ya wagonjwa wa Blundell walipona, na wengine walikufa. Jambo lililowachanganya madaktari ni kwamba hakuna aliyeweza kusema mapema nani atapona. Damu ya mtu yuleyule ilimsaidia huyu na kumuua yule. Mgonjwa aliyekataliwa na damu alitetemeka, akapata homa kali na maumivu ya mgongo, mkojo ukawa mweusi, kisha akafa. Kwa hiyo wengi waliiacha tiba hiyo kabisa.

Matone juu ya kioo

Mwaka 1900, Wajerumani walipokuwa wakijenga boma lao hapa Arusha, lile ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, Landsteiner alikuwa Vienna akijiuliza swali ambalo wengine walilipita. Je, damu ya watu wote ni moja?

Alichofanya kinaeleweka kwa urahisi. Alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara. Damu ikiachwa itulie, hujitenga sehemu mbili: chini hukaa seli nyekundu, na juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu yanayoitwa seramu. Landsteiner akachanganya seramu ya huyu na seli nyekundu za yule, tone kwa tone, akifanya hivyo kwa kila mtu na kila mwenzake, na kuandika alichokiona.

Baadhi ya matone yalibaki laini. Mengine yalifanya mabonge, kama maziwa ya mgando yanavyokatika kwenye kibuyu. Wapo waliodhani mabonge hayo ni dalili ya ugonjwa. Lakini watu hawa wote walikuwa wazima. Landsteiner alipopanga matokeo kwenye jedwali, aliona yanafuata utaratibu. Mwaka 1901 alichapisha kwamba watu wamegawanyika katika makundi matatu, aliyoyaita A, B na C. Hilo la C ndilo tunaloliita O leo. Mwaka uliofuata wenzake wawili, Decastello na Sturli, walipata kundi la nne, AB, lenye watu wachache.

Maana ya makundi

Chukulia kila seli nyekundu ya damu ina alama juu yake. Mtu wa kundi A ana alama A. Wa kundi B ana alama B. Wa AB anazo zote mbili. Wa O hana hata moja kati ya hizo.

Ndani ya maji ya damu kuna askari wa mwili, yaani kingamwili. Hao hushambulia alama wasiyoizoea. Mtu wa kundi A ana askari dhidi ya B. Wa B ana askari dhidi ya A. Wa O ana askari dhidi ya zote mbili. Wa AB hana askari dhidi ya yoyote.

Kwa hiyo mtu wa kundi B akiwekewa damu ya kundi A, askari wake huzivamia seli zile mara moja. Seli hushikana mabonge na kupasuka ndani ya mishipa, figo hushindwa kufanya kazi, na mgonjwa anaweza kufa hata kama alipewa damu kidogo tu. Hicho ndicho kilichowaua wagonjwa wa zamani.

Kwa seli nyekundu, utaratibu ni huu:

Mgonjwa wa O hupokea O peke yake.
Mgonjwa wa A hupokea A au O.
Mgonjwa wa B hupokea B au O.
Mgonjwa wa AB anaweza kupokea kutoka makundi yote manne.

Ndiyo maana damu ya O hutafutwa sana wakati wa dharura. Kwa bahati nzuri, hapa Tanzania kundi O ndilo lenye watu wengi kuliko mengine. Hata hivyo mgonjwa wa O mwenyewe hana pengine pa kupata damu isipokuwa kwa O mwenzake.

Kundi halifuati ukoo wala kabila

Sasa turudi kwa yule kaka na dada yake. Kila mtoto hurithi nusu ya kundi lake kwa baba na nusu kwa mama. Alama A na B huonekana zikiwepo. O huonekana pale tu mtoto anapoirithi pande zote mbili. Hivyo baba wa kundi A anaweza kuwa amebeba O iliyofichika, na mama wa kundi B vilevile. Wazazi kama hao wanaweza kupata watoto wanne, mmoja A, mwingine B, wa tatu AB na wa nne O. Wote ni wa baba mmoja na mama mmoja, na bado O hawezi kupokea damu ya hata mmoja wa ndugu zake hao.

Kwa hiyo maabara ikisema damu ya kaka haimfai dada, haijasema chochote kuhusu nyumba yenu. Mtoto kuwa na kundi tofauti na baba yake si ushahidi wa uzinzi. Tunaliandika hili kwa msisitizo kwa sababu ndoa huvunjika na watoto hukataliwa kwa kadi ya kliniki iliyosomwa vibaya. Mwenye shaka amwulize daktari kabla ya kutamka neno asiloweza kulirudisha.

Upande wa pili wa ukweli huo unatia moyo. Makundi yote manne yapo kwa Wameru, Waarusha, Wamasai, Wachaga na kila kabila lingine, kwa Waislamu na Wakristo, kwa wanaume na wanawake. Mama wa Akheri anaweza kukataliwa na damu ya kaka yake na kuokolewa na damu ya mwendesha bodaboda wa Kwa Mromboo ambaye hawajawahi kuonana.

Ilichukua muda kueleweka

Ugunduzi wa Landsteiner haukubadilisha hospitali siku ileile. Mwaka 1907 daktari Reuben Ottenberg wa Hospitali ya Mount Sinai, New York, alianza kulinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa kabla ya kuiweka. Mwaka 1914 na 1915 madaktari wa Ubelgiji, Argentina na Marekani walionyesha kwamba dawa iitwayo sitreti huzuia damu isigande, hivyo damu ikaweza kuwekwa kwenye chupa badala ya kutoka mkono hadi mkono. Ndipo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoleta majeruhi wengi, na faida ya makundi ya damu ikaonekana wazi.

Landsteiner mwenyewe alikuwa amekwenda kwenye mambo mengine. Mwaka 1908 yeye na Erwin Popper walionyesha kwamba polio, ugonjwa unaopooza watoto, husababishwa na kirusi. Mwaka 1916 alimwoa Helene Wlasto, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, wa kiume.

Vita vilipokwisha, Austria ilikuwa na njaa na baridi, na maabara hazikuwa na vifaa. Mwaka 1919 Landsteiner alihamia Uholanzi na familia yake. Huko, mtu aliyegundua makundi ya damu alifanya kazi katika hospitali ndogo ya The Hague akipima mkojo na damu za wagonjwa kama mtaalamu wa kawaida wa maabara. Hakuacha utafiti. Baada ya miaka michache aliitwa na Taasisi ya Rockefeller ya New York, akahamia Marekani na kubaki huko maisha yake yote.

Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua makundi ya damu. Ilikuwa imepita karibu miaka 30 tangu yale matone ya Vienna.

Kitendawili cha mume na mke

Bado kulikuwa na wagonjwa waliokataliwa na damu ingawa makundi yalilingana. Mwaka 1939 Philip Levine, aliyewahi kuwa msaidizi wa Landsteiner, na mwenzake Stetson waliandika kuhusu mama mmoja wa New York. Mtoto wake alifia tumboni, naye akatokwa damu. Mumewe alikuwa wa kundi O kama yeye, akamtolea damu. Mama akapata madhara makubwa.

Mwaka 1940 Landsteiner, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, pamoja na Alexander Wiener walitangaza alama nyingine ya damu. Waliigundua wakitumia damu ya nyani aina ya rhesus, na ndiyo maana inaitwa Rh. Mwenye alama hiyo huitwa chanya, na asiye nayo huitwa hasi. Hivyo kwenye kadi utaona O yenye alama ya kujumlisha au ya kutoa.

Waafrika wengi ni chanya. Walio hasi ni wachache, lakini kwa mama mjamzito jambo hili ni kubwa. Mama hasi akibeba mimba ya mtoto chanya, damu ya mtoto inaweza kuingia kwake wakati wa kujifungua au mimba inapoharibika, na mwili wake ukatengeneza askari dhidi yake. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hapati shida. Wanaofuata wanaweza kuzaliwa na manjano kali na upungufu wa damu, au kufia tumboni. Familia nyingi zimedhani ni laana au uchawi.

Tangu miaka ya 1960 ipo sindano ya kuzuia hali hiyo, inayoitwa anti-D. Mama hasi aliyejifungua mtoto chanya anapaswa kuipata ndani ya saa 72. Mama mjamzito, uliza kundi lako kwenye kliniki mapema. Ukiambiwa ni hasi, uliza sindano hiyo itapatikana wapi na kwa gharama gani, ili familia ijipange kabla ya siku yenyewe.

Landsteiner hakuacha kazi hata alipostaafu. Tarehe 24 Juni 1943 alishikwa na shambulio la moyo akiwa maabara, na siku mbili baadaye akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 75.

Damu inavyofika kwa mgonjwa leo

Tanzania ina Mpango wa Taifa wa Damu Salama tangu mwaka 2004, na kituo cha kanda yetu ya kaskazini kiko Moshi. Damu inayotolewa hupimwa kundi, halafu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Yenye tatizo haitumiki.

Mgonjwa anapohitaji damu, huchukuliwa sampuli yake na kuandikwa jina lake. Maabara hupima kundi, kisha huchanganya damu yake kidogo na ile ya kwenye mfuko kuona kama zinapatana. Ni jaribio la Landsteiner lilelile. Makosa mengi ya hatari hutokea kwa kuchanganya majina, hasa wodini kukiwa na wagonjwa wawili wenye jina moja. Ndugu mnaweza kusaidia hapa. Muuguzi anapokuja na mfuko wa damu, mgonjwa au ndugu ataje majina kamili, na muuguzi ayalinganishe na yaliyoandikwa.

Dakika 15 za mwanzo ndizo za kuangalia kwa makini zaidi. Mgonjwa akitetemeka, akipata homa, akiwashwa mwili, akiumwa mgongo au kifua, akishindwa kupumua vizuri au akikojoa mkojo mweusi, mwite muuguzi papo hapo ili damu isimamishwe. Usisubiri iishe kwa kuogopa kusumbua.

Na damu haiuzwi. Ukidaiwa fedha na mtu ili akupatie mfuko wa damu, toa taarifa kwa uongozi wa hospitali.

Nani anaweza kuchangia

Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe mzima wa afya. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha hawatoi. Kabla ya kutolewa utapimwa wingi wa damu na kuulizwa maswali ya faragha. Yajibu kwa ukweli, kwa sababu mtu aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupimwa na ugonjwa usionekane.

Kinachotolewa hakifiki nusu lita. Mtu mzima ana lita 4 hadi 5 au zaidi, na mwili hurudisha maji yaliyopungua kwa siku moja au mbili, na seli nyekundu kwa wiki chache. Siku hiyo kunywa maji au uji wa kutosha, kula vizuri, na usibebe mizigo mizito.

Seli nyekundu hukaa kwenye jokofu la benki ya damu kwa wiki 5 hadi 6 tu, halafu hazifai tena. Kwa hiyo akiba haijengwi kwa siku moja ya Juni. Mama anayetokwa damu usiku huu, mtoto mwenye malaria kali, mwenye selimundu na aliyegongwa kwenye barabara ya Moshi hawawezi kusubiri tutafute mtu wa kundi linalofanana, tumpime na kumlinganisha. Wanahitaji damu ambayo tayari ipo, iliyotolewa wiki iliyopita na mtu wasiyemjua.

Kwa hiyo tunakuomba mambo mawili. Fahamu kundi lako na la wa nyumbani kwako, na muliandike mahali linapoonekana kwa urahisi. Halafu, ukiwa mzima, nenda katoe damu Mount Meru, katika hospitali iliyo karibu nawe, au timu ya damu salama ikifika sokoni, shuleni, kanisani au msikitini kwenu. Usingoje aitwe ndugu yako, maana huenda damu yako isimfae yeye, ikamfaa jirani.